Kidole Juu ya Ritifaa

Fundi alikuwa akisoma msimbo wa ukurasa wangu kwa kidole, kama mtoto wa chuoni anayefuata aya. Kidole kikafika kwenye alama ya &, kikasimama.

"Mdogo wangu, hii umeiacha uchi."

Nilimjibu kuwa kiungo kinafunguka. Hakubishana. Alifuta, akaandika & herufi baada ya herufi, akafunga kwa nukta mkato, kidole kikaendelea kushuka.

Alikuwa na haki. Alama ile hufungua jina la herufi, na kivinjari kikiiona hutega sikio. Weka anwani yenye ©=2 katikati ya maandishi ya ukurasa, msomaji ataona ©=2. Anwani imeharibika, na hakuna aliyekusudia.

Lakini somo lisilonitoka ni la ng'ombe. Tulikuwa tukitengeneza kurasa za kamusi, kila neno na kiungo chake, nami nilikuwa nimevizungushia viungo vyote alama moja moja za kunukuu: href='tafuta?neno=ng'ombe'. Ritifaa ya ng'ombe ikaonekana kuwa ndiyo mwisho wa anwani. Kivinjari kikachukua ng, ombe likabaki nje. Ng'ambo, ng'oa, ng'ara, zizi zima likaingia kwenye mlango mmoja wa ng. Sauti tuliyoinyonya na maziwa ya mama, nami ndiye niliyeikata shingo! Fundi yule alikaa hadi magharibi akiandika %27 pahala pa kila ritifaa na %20 pahala pa kila nafasi, kisha akavipitia tena viungo vyote, kimoja kimoja.

Kanuni hizi si ngeni. Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, na wenzake waliziandika za anwani mwaka 1994. XHTML ilipokuja, Januari 2000, & moja tupu ilitosha kuuzuia ukurasa usomwao kwa ukali wa XML usifunguke kabisa. Baadaye ukali huo uliachwa, vivinjari vikaendelea kutusamehe, nasi tukaizoea huruma yao. Siku hizi kiungo kikifunguka, kazi imekwisha. Sijaona tena kidole juu ya kioo.

Fundi yule alishastaafu. Juzi, katika kamusi moja ya mtandaoni, nilibofya neno ng'aa. Ukurasa ukafunguka upesi sana, mweupe, na kwenye kisanduku cha kutafutia zilikuwamo herufi mbili tu: ng.