Milimita Nne: Namna ya Kukagua Valvu Kubwa Kwenye Hedi ya Datsun

Mtu akikuwekea mezani silinda hedi ya Datsun 240Z na kujisifu kwamba ameitia valvu kubwa, usianze kwa kuzitazama valvu. Wengi huanzia hapo kwa kuwa ndizo zinazong'aa. Wewe omba gasketi ya hedi, ilaze juu ya uso wa hedi, linganisha matundu ya boliti, kisha utazame ukingo wa silinda unapita wapi na ukingo wa valvu unaishia wapi. Kumbuka tu kwamba tundu la gasketi huwa pana kidogo kuliko silinda yenyewe, kwa hiyo unachokiona kimebana, ndani kimebana zaidi.

Hesabu yake ni ndogo, na ajabu ni kwamba wauzaji hawapendi kuifanya mbele ya mteja. Injini ya gari hilo, L24, ina silinda 6 zenye kipenyo cha mm 83. Hedi zake za mwanzo zilitoka kiwandani na valvu ya hewa ya mm 42 na ya eksozi ya mm 33. Mafundi wengi wanaotaka nguvu zaidi huweka ya 44 na ya 35, vipimo ambavyo Nissan, watengenezaji wa Datsun, wenyewe walikuja kuvitumia kwenye injini ya L28. Lakini silinda ya L28 ina mm 86. Kwenye injini hizi valvu zote zimejipanga mstari mmoja, ya hewa jirani na ya eksozi. Jumlisha 44 na 35, unapata 79. Ndani ya silinda ya 83 zinabaki mm 4, na hizo zigawanywe mara tatu: katikati ya valvu mbili, na huku na huku kati ya valvu na ukuta. Humo ndimo kazi nzima ilimo.

Mm 2 za nyongeza kwenye valvu ya hewa zinapanua uso wake kwa karibu asilimia 10, ila mzingo wake unakua kwa chini ya asilimia 5, na valvu inapoanza kunyanyuka hewa hupita kwenye mzingo, si kwenye uso. Ukuta ukiwa umeukumbatia upande mmoja wa mzingo huo, umenunua valvu kubwa inayopumua kama ndogo. Kwa hiyo tazama ukuta wa chemba ya mwako pembeni ya valvu ya hewa. Fundi anayejua kazi huusogeza nyuma hadi karibu na mstari wa gasketi, asiuvuke, kisha akaulainisha usiwe na kona kali, maana kona hushika moto ikawasha mchanganyiko kabla ya plagi. Chemba ikiwa bado ina umbo la kiwandani huku valvu imeongezwa, umeletewa nusu ya kazi kwa bei ya kazi kamili. Ikiwa imechongwa, omba kipande cha plastiki angavu na bomba la sindano, ujaze chemba zote 6 mafuta mepesi, moja baada ya nyingine. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja ya ujazo, aliyechonga alikuwa akikisia kwa jicho.

Sasa siti. Hapa ningekuomba ukae kwenye kigoda, kwa sababu hapa ndipo hedi nzuri inapoachana na hedi iliyopambwa.

Hedi ya Datsun ni ya alumini, na siti ni pete za metali nyingine zilizopachikwa kwa kubana. Fundi ana njia mbili: kuipanua siti iliyopo, au kuing'oa na kupachika pana zaidi. Akiipanua, angalia amebakiza nyama kiasi gani pande zote. Siti iliyochongwa hadi ikawa kama pete ya harusi haitafika mbali. Akiipachika mpya, uliza ameipachikaje. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo siti inayokaa vizuri hedi ikiwa baridi inaweza kulegea injini ikichemka. Inatakiwa iwe kubwa kuliko tundu lake kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita, hedi ipashwe moto, siti ipoozwe, ndipo ishuke na kukaa hadi chini bila kupigwapigwa. Alama za nyundo ukingoni ni ushahidi tosha. Niliwahi kununua hedi yenye alama tatu za namna hiyo, nikajiambia ni mikwaruzo ya safari. Siti ya silinda ya 4 ilitoka ndani ya mwezi mmoja, na pistoni ikaifuata.

Siti yenyewe haina pembe moja. Inakokaa valvu ni nyuzi 45. Juu yake kuna mkato wa 30 na chini yake wa 60, ili hewa ipinde taratibu badala ya kugonga ukingo. Paka rangi ya buluu ya kupimia usoni mwa valvu, iteremshe, izungushe robo duara, itoe. Utaona pete. Iwe haijakatika popote, iwe na upana uleule kuzunguka pote: kwa valvu ya hewa mm 1 hadi 1.5, kwa ya eksozi zaidi kidogo, kwa kuwa valvu ya eksozi hutoa sehemu kubwa ya joto lake kupitia siti, na ikibanwa kwenye uzi mwembamba itaungua. Pete ikae karibu na ukingo wa nje wa valvu bila kuufikia. Ikiwa katikati au ndani, valvu yako ya 44 inafanya kazi ya 42, na pesa yako iko kwenye ukingo usioguswa na chochote. Chini ya siti, koo la njia ya hewa liwe na mm 38 hivi. Likibaki la zamani, ni sawa na mlango mpana uliofunguliwa mbele ya ujia mwembamba.

Halafu kuna pete ya kijivu. Ukiona pete pana, ya kijivu, yenye bonde dogo katikati, ujue valvu imesagwa kwa dawa ya kusagia kwa muda mrefu ili kuficha mkato uliopinda. Nilimuuliza fundi mmoja mzee, "Mzee, mbona wewe husagi sana?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mwanangu, siti ikikatwa sawa, dawa ni ya kuaga tu." Kwake ilikuwa mizunguko kumi, basi.

Siti haiwezi kuwa sawa kama gaidi, yaani bomba linaloshikilia shina la valvu, imechoka, kwa sababu kikatio cha siti hushika njia kwenye gaidi. Gaidi kwanza, siti baadaye. Ukisikia mpangilio mwingine, chukua hedi yako uende.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji mashine. Valvu zote 12 zikiwa mahali pake, bila springi, laza rula ya chuma juu ya ncha za mashina yake. Za hewa zilingane zenyewe kwa zenyewe, na za eksozi vivyo hivyo. Ncha moja ikichomoza kuliko wenzake, siti yake imechongwa kina kupita kiasi, na kwenye Datsun kosa hilo lina gharama mbili: springi hurefuka ikapungua nguvu, na roka hubadilisha pembe. Kamshafti iko juu, na kila roka hulalia kikofia kidogo cha chuma kilicho kwenye ncha ya valvu. Paka roka rangi, zungusha kamshafti kwa mkono, tazama alama inayoachwa na kamu. Iwe katikati ya uso wa roka. Ikiteleza hadi ukingoni, uso utaliwa na kamshafti itafuata. Vikofia vya unene mbalimbali vipo kwa sababu hiyo. Fundi aliyefunga vyote 12 vya kiwandani juu ya valvu mpya bila kupima hajamaliza kazi.

Kuhusu valvu zenyewe nina machache. Ya eksozi iwe na unene wa angalau mm 1 ukingoni. Sumaku si hakimu: chuma kizuri cha valvu ya eksozi mara nyingi hakinasi kichwani huku shina likinasa, kwa kuwa ni vyuma viwili vilivyounganishwa.

Watu hunitajia ushindi wa 240Z katika mashindano ya Safari Rally ya 1971 na ya 1973 kana kwamba ulitokana na valvu pana. Barabara zile za vumbi na matope zilitaka injini inayovuta kutoka chini na isiyokufa. Valvu kubwa hulipa kwenye mizunguko ya juu. Kama gari lako ni la kwenda Naivasha Jumapili na kurudi, hedi ya 42 na 33 iliyokatwa siti vizuri itakufurahisha zaidi kuliko ya 44 iliyokatwa ovyo, na nitakuunga mkono ukiichagua.

Ukiamua kuichukua hiyo kubwa, kabla ya kuifunga bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na mnyororo wa kamshafti kwa muda, zungusha injini kwa mkono mara mbili, fungua, kata udongo, upime unene wake. Chini ya mm 2, rudi kwa fundi. Tazama pia kama valvu imegusa ukingo wa juu wa silinda kwenye bloku. Ikiwa imegusa, hapo itabidi papigwe msasa.

Mwisho geuza hedi ubavuni, valvu zikiwa na springi zake, mimina petroli kwenye njia za hewa na za eksozi hadi zijae. Agiza chai. Ukirudi, pitisha kidole kavu kuzunguka kila valvu upande wa chemba, na ukinuse.