Mikono ya Sista

Mgonjwa wa saratani ya damu anayetoka Kipawa kwenda Muhimbili husumbuka na foleni ya Barabara ya Nyerere, lakini hofu yake kubwa ni mshipa. Dawa za saratani kama vincristine na doxorubicin zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na baada ya mizunguko kadhaa ya dawa mishipa ya mkono hukakamaa, ikajificha.

Wengi bado hutundikiwa dawa kwa kanula. Wachache wana poti, kidude kilichopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, mrija wake ukiishia karibu na moyo. Sifa huenda kwa daktari aliyekipandikiza. Mimi namsifu sista anayekifungua kila mara.

Mtazame akifanya kazi. Ananawa, anavaa glavu zisizo na vijidudu, anasugua ngozi kwa dawa, kisha anangoja ikauke. Hapulizi, hapepei. Anaibana poti kwa vidole, kisha sindano ya Huber inashuka wima hadi igote chini. Ncha yake imepinda makusudi ili itoboe mpira bila kuumega. Sindano ya kawaida ingeumega kidogo kidogo mpaka poti ivuje.

Anavuta damu kwanza. Isipokuja, halazimishi. “Mama, inua mkono. Haya, kohoa.” Mara nyingi ncha ya mrija imeegemea ukuta wa mshipa tu, pengine damu imeganda, na hapo dawa haiingii hadi daktari aone. Bomba lake la sindano ni la mililita 10, maana bomba dogo lina shinikizo kubwa na laweza kuupasua mrija. Maji ya chumvi anayasukuma kwa vituo: kidogo, anasita, kidogo tena, ili yazunguke na kuosha kuta za ndani.

Uvivu wa dakika moja katika hatua hizi ni hatari. Saratani ya damu na dawa zake humaliza chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na vijidudu vikishajibandika ndani ya mrija huwa vigumu kuving'oa. Mara nyingine poti yenyewe hutolewa.

Kwa hiyo wewe mwenye poti, ukipata homa ya nyuzi 38, au ukatetemeka kwa baridi muda mfupi baada ya poti kusafishwa, usimeze Panadol ukalala. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na sema mapema kwamba una poti.