Kutunza na Mipaka Yake katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona unapofundishwa, swali la kwanza karibu kila mara huwa ni kama mtunzi anamkandamiza mwanamke au la. Darasa linagawanyika, upande mmoja unataja dini, mwingine unataja haki, na kipindi kinaisha. Swali hilo ni halali. Lakini limetuzoeza kupita haraka juu ya jambo ambalo utendi huu unalijua kwa undani: kazi ndogondogo za kila siku ambazo kwazo watu huwa wa karibu na wenzao.

Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana na Sultani wa Zanzibar, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Hata hivyo, mawaidha ya mjane huyu hayahusu vita wala utawala. Yanahusu kumpepea mume alalapo, kumfukiza udi asubuhi na jioni, kuiweka nyumba safi, kutunga asumini. Mume atunzwe, anasema, kama mtoto asiyejua kusema. Wanaoukosoa ubeti huo huona utiifu peke yake. Mimi naona pia kwamba aliyegeuzwa mtoto hapa ni bwana mwenyewe, na anayejua anachohitaji ni mkewe.

Sehemu inayonivutia zaidi haimhusu mume kabisa. Mama anamwambia binti namna ya kupokea watu: wakiingia, ainuke mara moja kwa moyo mkunjufu, azungumze nao maneno ya kufurahisha, na kama neno lina uchungu basi ni heri anyamaze. Wakitaka kuondoka, awasindikize. Sisi tuliokulia Rwanda hatuhitaji maelezo marefu hapa. Guherekeza, yaani kumsindikiza mgeni hadi njiani, ndiko kunakomwonyesha kama ulifurahi alipokuja. Mazungumzo ya sebuleni huwa ya heshima. Mengi ya kweli husemwa pale njiani, mtu akiwa ameshaaga mara mbili na bado hajaondoka. Mwana Kupona hafafanui thamani ya ujirani. Anataja mwili unavyoinuka kutoka kwenye kiti na miguu inavyotoka nje, na hilo linatosha.

Ila tusome ni nani wanaoinukiwa. Ni makabaili, watu wa nasaba. Na katika utendi huohuo binti anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, wasije wakamharibu. Hapo ndipo ninapogombana na utendi huu, kuliko hata penye beti za mume. Katika nyumba ya kiungwana ya wakati ule mtumwa alikuwa na sehemu kubwa katika utunzaji wenyewe. Mikono yake inahitajika, lakini mwenye mikono hasindikizwi na mtu. Mtu ataniambia kwamba ndivyo zama zilivyokuwa, na ni kweli: katika pwani ya Kenya utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu. Lakini mtunzi aliyeweza kuona haja ya mtu aliyelala usingizi hakukosa macho. Alichagua pa kuyaelekeza. Sisi tunaosomea ualimu tukiusifu ukarimu wa utendi huu bila kuugusa ubeti wa watumwa, tutawafundisha wanafunzi kwamba ukarimu ni kwa wageni tu, wakati nyumba nyingi za leo zina msichana wa kazi anayekula jikoni peke yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha. Mama anaanza kwa kumwita binti akae karibu, alete wino na karatasi, kwa sababu yeye mwenyewe ameugua mwaka mzima. Utunzaji mwingine wote ama unaagizwa ama unakumbukwa. Huu tu ndio unaotendeka mbele yetu: binti ameketi karibu na mgonjwa, anasikiliza, na tunaambiwa kwamba ana cha kuandikia. Utendi haumpi Mwana Hashima neno hata moja la kujibu. Ningependa kujua aliandika nini mahali ambapo hakukubaliana na mama yake, au kama alinyamaza, kama alivyoagizwa, kwa sababu neno lilikuwa na uchungu.