Mbiu, Mfungo na Ufufuko: Lugha ya Ibada ya Pasaka katika Kiswahili cha Wakatoliki

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuigawa nathari mafungu mawili: ile iliyotungwa, ambayo huchambuliwa, na ile iliyotafsiriwa, ambayo huachiwa wamisionari na waumini wao. Kwa mgawanyo huo maandishi ya ibada ya Kanisa Katoliki hayana pa kukaa. Ni nadra kusomwa darasani, na ni nadra zaidi kukosolewa. Hata hivyo ni vigumu kuitaja nathari nyingine ya Kiswahili rasmi ambayo husomwa kwa sauti, mwaka hata mwaka, mbele ya umma mkubwa hivyo, kutoka Mombasa hadi Kigoma. Wengi wa wasikilizaji hao hawatafungua riwaya hata moja maishani mwao. Lugha ya sanaa waijuayo, mbali na ile ya wazee wao, ndiyo hiyo waisikiayo kanisani, na hasa katika siku zile zianzazo na Jumatano ya Majivu na kuishia katika furaha ya Pasaka. Yafaa basi iulizwe swali lile lile liulizwalo kuhusu diwani yoyote: je, maneno haya yamechaguliwa vyema?

Historia yenyewe ni fupi. Kiswahili kilitumika katika sala, nyimbo na katekisimu tangu siku za mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868, lakini Misa ilibaki katika Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoitoa hati yake juu ya Liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, mlango ulifunguliwa kwa lugha za watu. Na Misale mpya ya mwaka 1970 ikawataka watafsiri waifanye katika muda mfupi kazi ambayo Kilatini kiliifanya kwa karne nyingi. Haraka hiyo haina budi kukumbukwa, ingawa haimwondolei mhakiki wajibu wake.

Neno la kwanza la majira haya ndilo dhaifu kuliko yote. “Kwaresima” limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya “ya arobaini”, lakini masikio ya Mswahili hayasikii hesabu yoyote humo. Ni jina tu, kama jina la mji wa ng’ambo. Na ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na arobaini yake tayari, tena yenye uzito. Mzazi hutoka ndani siku ya arobaini. Matanga ya marehemu hukumbukwa siku ya arobaini. Hata mwizi, kwa kauli ya wahenga, siku zake ni arobaini. Katika matumizi hayo yote arobaini ni muda ambao jambo lililofichwa linakomaa na kudhihirika. Jangwa la Yesu na safari ya Waisraeli vingeingia humo bila kubisha hodi.

Watafsiri wanaweza kutetewa, na utetezi wao si mdogo. Arobaini ya pwani hufuata tukio: kwanza mtoto huzaliwa au mtu hufa, ndipo siku zihesabiwe. Kwaresima hutangulia tukio. Huhesabiwa kwenda mbele, kuelekea kifo ambacho bado. Tena palikuwako hofu ya kuchanganywa na desturi za majirani Waislamu. Lakini neno la kukopwa nalo lina hatari zake, kwa kuwa halina ukoo wa kulilinda. Wareno waliliacha pwani neno lao la kanisa, *igreja*, na vinywa vya watu vikaligeuza kuwa gereza.

Mahali ambapo Kiswahili kilipewa nafasi ya kusema kwa kitenzi chake chenyewe, mambo ni mengine kabisa. Kitenzi “funga” ni mfano bora. Mwenye kujinyima chakula hufunga, mlango hufungwa, mfungwa hufungwa, mzigo hufungwa kamba. Kilatini hakina neno moja la kuyabeba yote hayo: saumu ina jina lake, kifungo jina lake, na komeo jina lake. Katika Kiswahili siku zote za mfungo, kaburi lililozibwa na minyororo ya mauti ni shina moja, na kinyume chake nacho ni kimoja: kufungua. Aliyefunga anafungua, kaburi linafunguka, wafungwa wanafunguliwa. Isaya, katika somo la Ijumaa baada ya Majivu, anaufafanua mfungo wa kweli kuwa ni kuvilegeza vifungo vya uovu na kuwaacha huru walioonewa. Mfafanuzi wa Ulaya huhitaji aya nzima kuonyesha jinsi saumu na uhuru vinavyohusiana. Mswahili huusikia uhusiano huo katika silabi mbili, na pengine ndiyo sababu wahubiri wengi hawaoni haja ya kuutaja.

Hapa lakini kuna nafasi iliyoachwa. Kalenda ya pwani huihesabu miezi tangu kwisha kwa Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hata Mfunguo Tisa. Mwaka wenyewe umejengwa juu ya tendo la kufungua. Kanisa nalo huzihesabu Jumapili zake kutoka Pasaka hadi Pentekoste, siku hamsini, kwa mpango unaofanana mno na huo. Neno “mfunguo” lingaliweza kukipa kipindi hicho sura iliyo hai kuliko hesabu kavu ya Jumapili ya pili na ya tatu. Halikuchukuliwa.

Usiku wa Kesha ndio kilele cha yote, na ndiko tafsiri ilikofaulu zaidi. Utenzi ule mrefu wa sifa ambao shemasi huuimba kando ya mshumaa mpya, ambao kwa Kilatini hujulikana kwa neno lake la kwanza, *Exsultet*, Waswahili wameuita Mbiu ya Pasaka. Msikilizaji asiyejua Kilatini huenda akadhani jina hilo ni ubunifu wa mtafsiri. Sivyo. Jina la kale la utenzi huo ni *praeconium*, yaani kazi ya *praeco*, mtu aliyetangaza habari za serikali katika viwanja vya Roma. Mpiga mbiu wa miji ya pwani alikuwa na kazi hiyo hiyo: kupuliza pembe na kuyatangaza yasiyo yake bali ya aliyemtuma. Hivyo tafsiri iliyo karibu kabisa na Kilatini ndiyo pia iliyo karibu kabisa na Kiswahili, jambo ambalo kila aliyewahi kutafsiri anajua kuwa ni bahati adimu. Zaidi ya hayo neno limekuja na methali yake. La mgambo likilia kuna jambo. Na waumini waliokaa gizani wameambiwa, kwa jina tu, kwamba jambo lipo.

Ugumu unaanza baada ya jina. Mpiga mbiu husema kwa ufupi na kwenda zake mtaa wa pili. Utenzi huu hauna haraka: unaita mbingu, unaita dunia, shemasi anaomba radhi kwa unyonge wake, kisha ndipo unapofika kwenye usiku wenyewe na kuutaja tena na tena, usiku wa Misri, usiku wa nguzo ya moto, usiku wa kaburi, kana kwamba zote ni moja na ndiyo hii ya leo. Kilatini hutumia kiashiria na jina tu. Kiswahili kina chombo kikali zaidi, nacho ni “ndi-”. Kusema “huu ni usiku” ni kueleza. Kuuingiza “ndio” ni kuuchagua usiku mmoja miongoni mwa yote na kuunyooshea kidole. Sarufi hulitaja umbo hili kama msisitizo na kupita. Katika Kesha msisitizo huo ndio maudhui yenyewe, na mtafsiri anayeuacha, kwa kuwa Kilatini hakina kitu kama hicho, anakuwa mwaminifu kwa kamusi tu.

Pagumu kuliko pote ni pale utenzi unapoisifu hatia ya Adamu kuwa ni yenye baraka, kwa kuwa ilimleta Mkombozi mkuu namna ile. Kitendawili hicho kimewasumbua wanatheolojia, na Kiswahili kinaongeza sumbuko lake. “Dhambi” ni zito mno na “kosa” ni jepesi mno. “Hatia” lakaribia, ila lanukia mahakama. Neno “heri” nalo lina tabia mbili. Likikaa nyuma ya jina hubariki. Likitangulia hulinganisha, kama katika heri nusu shari kuliko shari kamili. Mtafsiri akiteleza katika mpangilio, ataonekana kusema kwamba afadhali kukosa, na hilo silo linalosemwa. Utenzi haupendekezi hatia. Unastaajabu kwa lililotoka humo.

Katika neno la ufufuko Wakatoliki na Waprotestanti hutengana kwa silabi moja yenye mambo. “Ufufuo”, lipendwalo aghalabu na Waprotestanti, linatokana na kufufua, na nyuma yake yuko mwenye kufufua. “Ufufuko” la Wakatoliki linatokana na kufufuka, na jicho liko kwa yule ainukaye. Agano Jipya husema yote mawili, kwamba Mungu alimfufua na kwamba alifufuka. Madhehebu yote yanastahili sifa kwa kutoliegemea “kiyama” hapa. Wakristo wa Kiarabu huliita hilo kaburi la Yerusalemu Kanisa la Kiyama bila hofu, lakini kwa Mswahili kiyama ni siku ya kutetemeka.

Limebaki suala la majira. Pasaka hufuata mwezi mpevu wa masika ya Ulaya, yaani majira ya kuchipua baada ya baridi, na sifa zake nyingi zilitungwa na watu waliokuwa wameiona ardhi iliyokufa ikifunikwa maua. Katika Afrika Mashariki, kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, hakuna barafu ya kuyeyuka. Kaskazi imekoma au inakoma, kusi inakaribia, na mvua za masika zinanyesha au zinangojewa kwa wasiwasi. Watunzi wa nyimbo waliozitafsiri tenzi za machipuko kama zilivyo wameimbisha watu mambo wasiyoyaona. Maandiko yenyewe hayana kosa hilo. Somo la tano la Kesha, kutoka Isaya sura ya 55, lailinganisha neno la Mungu na mvua iishukayo na kumpa mpanzi mbegu, na katika Jumapili ya tano ya Kwaresima ya mwaka B husomwa habari ya punje iangukayo ardhini na kufa. Mkulima wa Machakos aliyeutia mbegu udongo mkavu juma lililotangulia hahitaji maelezo. Isaya ameitaja pia theluji, na mtafsiri hana ruhusa ya kuifuta. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na kitu chenyewe kiko juu ya Kirinyaga, ambako wakulima wa chini wameyatazama maji yakitoka tangu kabla ya kumsikia Isaya.