Abiria Asiyedai Chenji

Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi katika idara ya afya Zanzibar kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti mwaka 1948. Kila nikimsoma naikumbuka kazi yake hiyo ya kwanza. Mkaguzi wa afya haendi nyumbani kwa mtu kutazama mapambo ya sebuleni. Anatazama mtungi, jaa na mfereji. Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, ana jicho hilohilo. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960, na mimi bado sijamwona anayemzidi Abdulla kwa kuficha dalili. Haiziki gizani. Anaiweka mbele ya macho yako, kisha anakuchekesha.

Namna yake inajaribika popote, hata ndani ya basi la Arusha linalopita Mbulu na Dongobesh hadi Haydom. Tuseme konda anakusanya nauli. Mama mwenye gunia la vitunguu saumu anadai chenji yake, shilingi mia tano. Konda anasema hana. Mama anauliza kama basi zima hili limekosa mia tano. Abiria wanaingilia, wengine upande wa mama, wengine wakitaka safari tu. Mwanamume wa kiti cha nyuma anatoa noti ya elfu kumi, anashuka Dongobesh, na ugomvi wa mia tano unaendelea. Msomaji anacheka na yule mama. Ameshaambiwa kila kitu: kuna mtu ameacha chenji kubwa bila kugeuza shingo. Hajui tu kwamba ameambiwa.

Sasa tazama lugha inavyosaidia. Basi likafika Haydom, abiria wakashuka, mama akapokea gunia lake, utingo akafunga buti. Kwenye kiti cha nyuma mfuko mweusi ulikuwa umebaki. Ile -ka- inakusukuma kama umechelewa mahali, tendo juu ya tendo, halafu ghafla mwandishi anakanyaga breki: *ulikuwa umebaki*. Mwandishi mchanga angeongeza kwamba moyo wa utingo ulidunda na jasho likamtoka. Fundi anaishia kwenye mfuko. Sura inayofuata anaipeleka kwingine kabisa, kwenye duka linalofungwa au harusi inayoandaliwa, na msomaji anapita kote huko na ule mfuko kichwani.

Uvumilivu huo huku kwetu Mbulu tunaujua kwa sura nyingine. Kwenye bonde la Yaeda, chini yetu, mwindaji wa Kihadzabe akishampiga mnyama mkubwa mshale wa sumu hamkimbilii. Anaiacha sumu ifanye kazi, kisha anafuata: unyayo, tone la damu, jani lililopinda. Mwandishi wa taharuki naye amekwisha kukupiga mshale kwenye sura ya kwanza, hana haja ya kukimbia. Ndiyo maana hadithi nyingi za kwenye simu, zile zinazouzwa kipande kwa kipande kwenye magrupu ya WhatsApp, zinanichosha. Kila kipande kinaishia bastola ikiwa kichwani mwa mtu, *itaendelea*, na kipande kinachofuata bastola haikuwa na risasi. Afadhali uniache na swali kuliko kunishtua bure.

Sisemi mbio ni dhambi. Elvis Musiba alizijua. Willy Gamba wa Kufa na Kupona, iliyotoka 1974, hana muda wa kiko, na wengi wetu tulioanza na Kiiraqw au Kidatoga nyumbani, tukakikuta Kiswahili darasani, tulijifunza kukisoma haraka kwa kumfukuzia yeye na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kitabu cha shule kilisomwa kwa kulazimishwa. Joram alisomwa chini ya dawati. Ila mbio zina gharama yake. Ukishajua nani kafanya nini, safari ya pili haina mengi ya kukupa.

Kwa Abdulla, safari ya pili ndiyo tamu zaidi. Muuaji unamjua, sasa unamtazama mwandishi mwenyewe akifanya kazi: hapa ndipo alipoipitisha ile sentensi, katikati ya mzaha, na wewe ulikuwa unacheka. Unarudi nyuma kuhakikisha, na kweli ipo, kavu kabisa, haijafichwa hata kwa neno moja. Nimewahi kuona ndugu wa wagonjwa wakisubiri kwenye mabenchi ya hospitali ya Haydom, mtu na kitabu kilichochoka majalada, akifungua kurasa za mwisho kwanza. Watu humcheka msomaji wa aina hiyo. Mimi nadhani anafahamu anachokitafuta.

Basi Musiba wangu namwazima yeyote mwenye safari ya Babati au Singida. Akirudi sawa, asiporudi nitapata mwingine. Abdulla anasomewa hapahapa kwangu, chai ipo.