Kutu ya Mustang: Imekula Wapi?

Januari 2020, kwenye mnada wa Mecum huko Kissimmee, Florida, Ford Mustang ya 1968 ya rangi ya kijani, iliyochubuka na kupauka, ilipigiwa nyundo kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada. Ni ile ya Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Ilikuwa na mwenzake kwenye filamu hiyohiyo, aliyetumika kwa michezo ya hatari, na huyo mwenzake alizamia Meksiko. Alipoibuka kwenye rasi ya Baja California alikuwa ganda lenye kutu lililopakwa rangi nyeupe, na walioshika ganda hilo walikuwa na mpango wa kuligeuza nakala ya gari la filamu nyingine. Mapema 2017 mtaalamu Kevin Marti alilikagua akathibitisha ndilo lenyewe. Nguzo za springi za mbele zilikuwa zimeongezewa chuma, kama inavyotakiwa kwa gari la kurushwa milimani San Francisco. Na namba yake iliishia 125558. Ile ya mnada ni 125559.

Wengi wanaoshika tochi kwenda kukagua magari haya ya misuli ya miaka ya 1960 huanzia kwenye injini. Mimi naiweka mwisho kabisa. V8 ya Ford ya enzi hizo ni chuma cha kawaida, vipuri vyake vinatengenezwa mpaka leo, na hata iliyokamata inaweza kufunguliwa mezani ikafufuka. Kinachofilisi watu ni bati.

Mustang haina chesesi ya peke yake. Bodi ndiyo chesesi: sakafu, vizingiti vya milango na reli za chini zimeunganishwa kwa kuchomelewa zikawa kitu kimoja. Kwa Pontiac GTO au Chevrolet Chevelle unaweza kufungua bolti, ukanyanyua bodi, ukashughulikia chesesi pembeni. Kwa Mustang, reli ikioza, gari lote limepoteza mgongo. Kwa hiyo madigadi yenye matundu kama chujio yasikutishe sana. Hayo hufungwa kwa bolti, na mapya yanauzwa. Bati linaloweza kung'aa huku gari limekufa ndilo la kuogopa.

Sehemu ya kwanza kuipima ni ile ambayo huioni. Chini ya kioo cha mbele, nyuma ya boneti, kuna vitundu vya kuingizia hewa. Chini yake kuna boksi la bati mbili zilizoshonwa kwa nukta za kuchomelea, na ndani ya boksi hilo kuna shingo mbili zilizosimama, moja kila upande, za kupitishia hewa ndani ya gari. Mvua ikiingia inatakiwa izunguke shingo hizo na kutoka pembeni. Lakini majani makavu nayo huingia, yakalala pale miaka na miaka yakishika unyevu, na bati kwenye shina la shingo likaliwa taratibu. Hapo maji hubadili njia, yakashukia miguuni kwa dereva.

Kipimo chake ni jagi la maji. Omba ruhusa, toa zulia, mwingize mwenzako kichwa chini ya dashibodi na tochi, kisha mimina polepole upande mmoja, halafu wa pili. Akiona tone, jua kwamba sakafu mpya unayooneshwa kwa fahari ni dawa ya maumivu tu. Chanzo kiko juu. Ukarabati wa kweli unadai kung'oa boneti na madigadi, kutoboa nukta za kuchomelea moja baada ya nyingine, kufungua boksi, kuziba na kulirudisha bila kupindisha mahali kioo kinapokaa. Bati lenyewe halina bei ya kutisha. Saa za fundi ndizo zenye bei. Muuzaji akikataa jagi lako, umeshapata jibu bila kulowesha zulia lake.

Baada ya hapo ingia uvunguni na bisibisi. Choma reli, choma yale maboksi yanayounganisha reli za mbele na vizingiti, choma mahali springi za nyuma zinaposhikia. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza na bisibisi ikazama. Kisha weka jeki kwenye reli ya mbele, nyanyua kidogo, utazame nafasi kati ya mlango na bodi. Ikibana juu au kutanuka wakati gari linapanda, bodi inajikunja katikati. Kwa rangi iliyopigwa juzi, tembeza sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa sehemu za chini, hasa nyuma ya matairi. Inapoteleza na kuanguka, chini yake kuna puti.

Sasa namba. Ile ya Bullitt inaanza 8R02S. 8 ni mwaka 1968, R ni kiwanda cha San Jose, California, 02 ni bodi yenye mgongo wa mteremko, na S ni injini ya inchi za ujazo 390. Herufi hiyo ya tano ndiyo inayoamua kama kutu inalipika. Ukikuta C, gari lilizaliwa na 289 ya kawaida. Ukikuta T, ni silinda sita, hata kama leo ndani mmekaa V8 inayonguruma. Kwa Ford za kuanzia 1967, Marti ana kumbukumbu za uzalishaji na hutoa ripoti ya rangi, injini na giaboksi za kiwandani. Ripoti hiyo ni bei ndogo mno kwa mtu anayetaka kutoa maelfu.

Kuna jaribu moja hapa. Ganda jipya kabisa la Mustang ya 1967 linauzwa Marekani na Dynacorn, na mtu huwaza kununua gari lililooza kwa ajili ya namba yake tu, aihamishie kwenye ganda safi. Sheria ya shirikisho inakataza kuondoa au kugeuza namba hizo. Ukiona kibati cha namba chenye riveti ngeni, au bati la jirani lenye alama za grenda, usianze hata kujadili bei.

Kwa hesabu yangu, S yenye hati safi na namba zisizoguswa inastahili hata reli mpya. C yenye boksi zima na reli zinazolia ni mradi mzuri kwa mwenye karakana na subira. C iliyooza boksi na reli vyote viwili nainunua kwa bei ya vipuri: milango, vioo, kifuniko cha buti, ekseli ya nyuma. T ya namna hiyo ikiwa juu ya mawe tangu zamani, muuzaji akitaja bei ya S, naaga.