Mpini wa kuoshea madirisha: unalipia mita, unapewa mpindo

Ukiingia duka la vifaa vya usafi Kariakoo ukauliza mpini wa kuoshea madirisha ya ghorofani, swali utakalorudishiwa ni "wa mita ngapi?" Hakuna anayeuliza kipenyo, au unafungwa vipi, au ni wa jengo lililo karibu na bahari. Bei inapanda kwa mita na kibandiko kimeandikwa mita, basi mnunuzi anaondoka na mita zake begani akiamini amepata alichokifuata. Ubishi wangu ni na hiyo namba. Ukiiacha peke yake, haikwambii kama mpini utafanya kazi wala kama utakaa mwaka.

Ninaozungumzia ni mipini ya kurefusha, ile ya vipande viwili hadi sita vinavyoingiana, ambayo juu unafunga brashi, sponji au mpira wa kukwangulia maji. Madukani utakuta aina tatu: alumini, faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kama boti za faiba) na kaboni (nyuzi za kaboni, gundi ileile au inayofanana nayo). Bei huenda kwa mpangilio huohuo, kaboni ikiwa juu kabisa.

Kosa la kwanza tunalolifanya tukiulinganisha mpini na mwenzake ni kuchanganya nguvu na ukakamavu. Nguvu ni kiasi cha mzigo ambao kitu kinabeba kabla ya kuvunjika. Ukakamavu ni jinsi kinavyokataa kupinda. Faiba ina nguvu nyingi tu, ndiyo maana upondo wa mchezo wa kuruka juu unaweza kutengenezwa kwa faiba: unapinda kama upinde wa mshale na hauvunjiki. Sasa jiulize kama unataka mpini wa kuoshea kioo uwe na tabia hiyo. Mwenye duka anayekuambia "huu hauvunjiki" huenda anasema kweli kabisa, ila amejibu swali ambalo hukuliuliza.

Hebu tupige hesabu kidogo. Chukua bomba jembamba, lishike mwisho mmoja, lilaze mlalo hewani. Ncha ya mbele itashuka kwa sababu ya uzito wa bomba lenyewe. Kiasi cha kushuka kinategemea vitu vitatu: urefu uliopandishwa kwa kipeo cha nne, kipenyo kwa kipeo cha pili (kikubwa ndiyo kizuri), na uwiano wa ukakamavu wa malighafi kwa uzito wake. Unene wa ukuta wa bomba haumo! Ukuta mnene unaongeza ukakamavu na uzito kwa kiasi kilekile, vinafutana. Kwa hiyo sifa ya "huu ni mzito, umejaa" haina maana mpini unapopambana na uzito wake wenyewe.

Kwa bomba la kipenyo cha sentimita 3 na urefu wa mita 6, alumini inashuka kama sentimita 55. Faiba ya kawaida inashuka karibu sentimita 90, na kaboni ya daraja la kawaida kama 22. Sasa fupisha hadi mita 3: alumini sentimita 3 na nusu, faiba 5 na nusu, kaboni 1 na nusu. Nusu ya urefu, mpindo unapungua mara 16. Hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotea. Kwa nyumba ya chini yenye madirisha ya kawaida, tofauti kati ya kaboni na alumini ni sentimita mbili ambazo mkono wako hautazihisi. Kwa dirisha la ghorofa ya pili, tofauti hiyohiyo inaamua kama unasugua kioo au unapapasa ukuta.

Nisizidishe chumvi: hakuna anayeosha dirisha akiwa ameulaza mpini mlalo. Ukiusimamisha kwa nyuzi 70 kutoka ardhini, mpindo unapungua hadi karibu theluthi, kwa hiyo alumini yetu inabaki na sentimita 19 hivi na kaboni 7 au 8. Lakini lazima uinue na kushusha, na ukihama dirisha kwa dirisha mara mia kwa siku, sehemu ya kazi hiyo ni mlalo. Mpini wa alumini wa mita 6 wenye ukuta wa milimita 1.2 una uzito usiofika kilo 2. Unasikika mwepesi. Ulaze mlalo na nusu kilo ya brashi iliyolowa mbele, mikono yako ikiachana sentimita 60, na mkono wa nyuma utalazimika kukandamiza chini kwa nguvu ya kama kilo 12. Mwisho wa mwezi bega ndilo linaloijua hesabu hii, si kibandiko.

Na hiyo nusu kilo ya brashi? Kwenye bomba hilo la alumini inaongeza mpindo wa sentimita 40 nyingine. Kila gramu 100 unazopunguza kwenye ncha zinakurudishia sentimita 8. Yaani kabla hujaenda kukopa kununua kaboni, badilisha brashi. Sijaona muuzaji anayelisema hili, labda kwa sababu brashi nyepesi haina faida kubwa kama mpini wa kaboni.

Kuna jambo lingine ambalo huwashangaza hata wanafunzi wa uhandisi. Ukigawanya ukakamavu kwa uzito, chuma na alumini vinatoka karibu sawa kabisa. Mbao iko nyuma kidogo tu. Na mianzi, ukichukua thamani za kawaida, inaipita faiba ya dukani. Ongeza kwamba muanzi kwa asili una kipenyo kikubwa shinani na unakwenda ukipungua kuelekea ncha, umbo lilelile ambalo mhandisi angelichora, na utaelewa kwa nini fundi rangi aliyefunga rola yake kwenye muanzi hakosi chochote. Tatizo la muanzi ni kwamba haurefuki, unapasuka ukikauka, unaliwa na bungua, na hauingii kwenye daladala. Bomba la PVC ambalo baadhi hulitumia kama mbadala wa bei nafuu liko mkiani: kwa kipenyo kilekile linapinda zaidi ya mara kumi ya alumini. Hilo ni fimbo ya kuvulia samaki.

Turudi kwenye vibandiko, maana hapo nina malalamiko zaidi. "Kaboni" ni neno linalobeba mengi. Nyuzi zenyewe za kaboni za daraja la kawaida zina ukakamavu wa karibu jigapaskali 230, lakini bomba si nyuzi tupu. Karibu nusu ya ujazo wake, au pungufu kidogo, ni gundi, na nyuzi nyingine zimelazwa upande ili bomba lisipasuke, kwa hiyo unachopata mkononi ni pungufu ya nusu ya namba hiyo. Hilo ni la kawaida, hakuna udanganyifu. Udanganyifu unaanza pale bomba la faiba linapovishwa tabaka moja la kitambaa cha kaboni juu, lile la miraba myeusi inayong'aa, kisha likaitwa kaboni. Miraba ile ni urembo. Uzi ulionyooka kutoka shina hadi ncha ndio unaozuia mpindo, na mara nyingi huo hauonekani kwa macho. Pia "hufika mita 8" siyo sawa na "urefu wa mita 8": wapo wanaojumlisha kimo cha mtu na mkono wake ulionyooshwa. Mita mbili umekuja nazo wewe mwenyewe kutoka nyumbani.

Sasa kudumu. Watu wakiuliza mpini upi unadumu wanawaza bomba, wakati kinachokufa kwanza karibu kila mara ni kibano, ile loki inayoshika kipande kimoja ndani ya kingine. Kuna za kusokota, ambazo ndani zina plastiki inayotanuka ukizungusha bomba, na kuna za nje zenye mkono wa kubana na skrubu. Za kusokota ni nafuu na zimefichwa, na kufichwa ndiyo kasoro yake. Mchanga ukiingia unaisaga plastiki mpaka inalainika, kibano kinaanza kuteleza, wewe unasokota kwa nguvu zaidi, nacho kinakatika. Za nje zinachafuka pia, lakini unaziona, unaziosha, unakaza skrubu, na siku ikivunjika unabadilisha hiyo moja. Kama spea inapatikana, hilo ni swali la kuuliza kabla ya kulipa.

Kibano kilichochoka hakiishii kuteleza. Kikianza kucheza kwa nyuzi moja tu, mita 5 chini ya ncha, brashi inayumba karibu sentimita 9. Mpini wa vipande sita una vibano vitano. Ndiyo maana mpini wa vipande vichache na virefu, ingawa unasumbua kubeba, mara nyingi unazeeka kwa heshima zaidi kuliko ule unaokunjika ukaingia begi la mgongoni.

Pwani yetu ina adui mwingine, chumvi. Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba ya oksidi, lakini kloridi iliyo kwenye upepo wa bahari inaitoboa ngozi hiyo na kuacha vishimo vidogo na unga mweupe. Kwenye fremu ya dirisha unga huo ni suala la sura tu. Kwenye mabomba mawili yanayopaswa kuteleza moja ndani ya lingine kwa nafasi ya nusu milimita, unga na mchanga vikikutana unapata mabomba yaliyogandamana. Alumini pia ikigongwa inabonyea, na kibonyo kimoja kinatosha kuzuia kipande kuingia. Kaboni haipati kutu, ila ina hila yake: ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, haraka kuliko ingekuwa peke yake. Basi mpini wa kaboni wenye shina la alumini kwenye ncha, ukaachwa umelowa stoo Masaki au Forodhani, unaoza kwenye kiungo huku bomba likiwa jipya. Kuusuuza kwa maji baridi na kuuanika ukiwa umefunguliwa ni dakika tano.

Jua nalo lina mteja wake, faiba. Mionzi ya jua inaila gundi ya juu, nyuzi za kioo zinachungulia, na siku moja unashika mpini unahisi kama umeshika upupu. Faiba iliyopakwa rangi au vanishi inastahimili muda mrefu zaidi, na inaweza kupakwa upya. Kaboni haionyeshi mapema kwamba imechoka: ikibanwa na mlango wa gari au kibano kikikazwa kupita kiasi, inapasuka kwa urefu, na alumini ingekuwa imekuonya kwa kujikunja kwanza.

Kuna kigezo kimoja ambacho hakimo kwenye hesabu ya shilingi. Alumini inapitisha umeme, hilo wengi wanalijua. Kaboni nayo inapitisha, na hilo wengi hawalijui kwa sababu inaonekana kama plastiki nyeusi. Kwenye mitaa yetu nyaya za kilovolti 11 na 33 zinapita mbele ya ghorofa, nyingi zikiwa tupu bila ganda, kwa urefu ambao mpini wa mita 6 ukiongezwa mtu unaufikia bila shida. Faiba ni kizio ikiwa kavu na safi. Ikiwa imelowa maji ya bomba, au ni ile yenye mpira wa maji unaopita ndani, usiitegemee. Mahali penye nyaya karibu, mpini wa aina yoyote usiinuliwe, na muuzaji anayesifia kaboni yake bila kulitaja hili anauza nusu ya bidhaa.

Kwa bei, nitatoa mfano wa kubuni, wewe weka namba za dukani kwako. Mpini wa kusokota wa shilingi 40,000 unaokufa kila miezi sita ni 80,000 kwa mwaka. Mpini wa 120,000 wenye vibano vya nje, unaokula spea za 10,000 kwa mwaka na kukaa miaka mitatu, ni 50,000 kwa mwaka. Wa pili ni nafuu, lakini kijana aliyejiajiri kuosha vioo hana 120,000 mkononi siku anapoanza, ana 40,000. Anaishia kulipa zaidi kwa sababu ana kidogo. Kama ningekuwa naendesha kikundi cha usafi, pesa za kwanza za mfuko zingenunua mpini mmoja wa maana wa kuzunguka, si mitano ya kusokota.

Hukumu yangu, basi: hadi mita 3 au 4, alumini yenye kipenyo kikubwa na vibano vya nje, na usiongeze hata mia kwa ajili ya neno kaboni. Kati ya 4 na 6, bado alumini nene ya kipenyo inajitetea: bomba la sentimita 4 na nusu linakaribia sana mpindo wa kaboni ya sentimita 3, ingawa vidole vitalalamika kulizunguka na uzito utaongezeka. Kuanzia 6 kwenda juu, kwa mtu anayefanya kazi hii kila siku, kaboni inalipa, mradi ni kaboni kweli. Faiba ningeichukua pale tu pesa ya kaboni haipo na urefu ni wa wastani.

Na dukani, usiupime ukiwa umefungwa. Vuta vipande vyote, omba nafasi ya kuulaza mlalo barabarani nje, mtu mmoja ashike shina, wewe utazame ncha. Kisha usimamishe, kaza vibano, usukume chini kwa uzito wa mkono uone kipi kinateleza. Muuzaji akikataa usifungue, nenda duka la jirani.